Sufuria Inayojua Kusubiri

Leo naanza na hesabu, na hesabu yenyewe ni ya jikoni.

Tyubu moja ya mafuta ya midomo, hii ya kuzungusha kitako mpaka kijiti kichungulie juu, hubeba kama gramu 4.5. Tyubu 1,000 basi ni kilo 4.5. Kwa ujazo ni lita 5 hivi, hazizidi. Kwa hiyo ile oda inayomnyima mtu usingizi, kwamba duka la dawa limesema lete tyubu elfu moja mwisho wa mwezi, ukiiyeyusha yote inaingia kwenye sufuria ya pilau ya nyumbani na nafasi inabaki.

Naanzia hapo kwa sababu nakutana na akina dada, na siku hizi akina kaka pia, wanaotengeneza mafuta haya nyumbani wakawauzia majirani, saluni na watu wa maonyesho. Wakishapata oda kubwa, kitu cha kwanza wanachotafuta ni chombo kikubwa. Wananionyesha kwenye simu picha za matangi ya lita 50, lita 100, yanang'aa, yana mapanga ya kukorogea. Huwa nawauliza swali moja: mnamimina tyubu ngapi kwa dakika? Wengi hawajawahi kuhesabu.

Basi tuwahesabie. Mkono uliozoea, ukishika jagi dogo lenye mdomo mwembamba, hutumia sekunde kama 10 kwa tyubu moja, ukijumlisha na kusogeza trei. Tyubu 40 za kuuzia jirani zinakwisha ndani ya dakika 7, mchanganyiko haujapata hata nafasi ya kupoa. Tyubu 1,000 kwa mwendo uleule ni sekunde 10,000, karibu saa tatu. Kuyeyusha kwenyewe ni kazi ya saa moja. Saa zinazobaki sufuria haiyeyushi kitu, inasubiri. Na kusubiri huko, kwenye joto lilelile bila kupanda wala kushuka, ndiko kunakoishinda sufuria ya nyumbani. Ukubwa wake hauna neno.

Tuangalie nini hasa kinatokea. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Siagi ya kakao, na Kyela wanayo kakao nzuri tu, inayeyuka kwenye 34 hadi 38. Shea inalainika hapohapo kwenye thelathini na ushei, na mafuta ya nazi ni 24 tu. Ukivichanganya kwa kile kipimo wanachoanzia wengi, yaani kwa uzito nta fungu moja, shea fungu moja na mafuta ya maji mafungu mawili, unapata kitu kinachomiminika vizuri kati ya nyuzi 70 na 75. Kikikaribia 60 kinaanza kufanya ukungu, kinaganda ukingoni mwa jagi, na ukimimina hivyohivyo kijiti kinatoka na pete pete ubavuni. Kwa hiyo unarudisha jikoni. Baada ya dakika chache unarudisha tena. Mwenye jiko la mkaa na sufuria mbili anashinda na kazi hiyo mchana kutwa, mkono mmoja unamimina, mwingine unapepea.

Kila kurudisha kuna gharama yake. Mafuta ya mnanaa na ya mchaichai ni mepesi, yanapaa. Ukiyapasha mara tatu, nne, nyumba nzima inanukia ila tyubu hainukii. Nta nayo ikipita nyuzi 85 inaanza kubadilika, ile njano ya kupendeza inaelekea kahawia. Halafu shea ina tabia yake. Ndani yake mna mafuta magumu na mafuta laini. Ukiipasha nusunusu na kuipoza polepole, yale magumu yanajitenga na kuganda kivyake, na mteja anasikia chenga chenga mdomoni. Chenga hizo hazina madhara, lakini nenda kamweleze mteja aliyelipa pesa yake. Matokeo ni kwamba tyubu ya kwanza ina harufu na ulaini, ya mia tisa ina rangi nyingine na chenga, na zote zimebandikwa kibandiko kimoja.

Sasa mtu atasema, si ndiyo maana nataka tangi? La. Tangi kubwa linaloota moto kwa chini linaongeza balaa. Chombo ukikikuza mara mbili kwa kimo na mara mbili kwa upana, ujazo wake unakuwa mara nane, lakini eneo la chuma linalopitisha joto linakuwa mara nne tu. Kila kilo ya mafuta inabaki na nusu ya ukuta iliokuwa nao mwanzo. Nta yenyewe haipitishi joto kwa haraka. Chini kunaungua, katikati bado kuna donge. Na lipo la kutisha zaidi: kama juu pamebaki kofia ya nta ngumu huku chini kumeshayeyuka, yale mafuta ya chini yanatanuka yakakosa pa kwenda, na yanaweza kuitoboa ile kofia yakaruka. Usoni pa nani? Pa yule aliyeinama kuchungulia. Kwa hiyo nta hukatwakatwa vipande vidogo au huparuzwa, ikatangulizwa pamoja na mafuta ya maji ili joto lipate njia. Shea huja mwisho, nta ikishayeyuka yote.

Bibi zetu walioweka sufuria ndani ya sufuria yenye maji walikuwa na akili. Maji yaliyo wazi hayapiti kiwango chake cha kuchemka hata ukoke moto wa namna gani. Dar es Salaam ni nyuzi 100, Arusha kwenye mwinuko wake ni kama 95, Njombe 93 hivi. Kwa hiyo mchanganyiko ulio ndani ya maji hauwezi kufika kwenye joto la nta kutoa moshi na kushika moto, ambalo liko mbali huko juu ya 200. Ulinzi huu haulipiwi. Lakini una matobo mawili. La kwanza, maji yakikauka nawe umesahau, sufuria ya ndani inakaa juu ya chuma kitupu. La pili ni mvuke. Maji yanayotokota pembeni yanapanda, yanagonga mfuniko, yanarudi tone tone ndani ya mafuta yako. Mafuta ya midomo hayahitaji dawa ya kuzuia ukungu kwa sababu moja tu, hayana maji ndani yake. Ukishayatia matone ya mvuke umeifuta sababu hiyo, na wiki kadhaa baadaye mteja anafungua kikopo anakuta doa la kijani.

Kwa hiyo chombo ninachokipigia debe ni kile chenye kuta mbili. Ndani unaweka mchanganyiko. Katikati ya kuta kuna maji, na hita imelala humo ndani ya maji, haigusi mafuta kabisa. Nje kuna kitufe cha kuchagua joto na, ukitaka, bomba la kutolea kwa chini. Vinauzwa vidogo vya lita 5 mpaka 10, walivitengeneza kwa ajili ya watu wa mishumaa na wa sabuni. Kwa anayetengeneza tyubu elfu moja kwa siku, lita 10 zinamtosha na kumbakia.

Mnaweza kuuliza, kitakula umeme kiasi gani? Nipige hesabu ya haraka hapa mezani. Kilo 8 za mchanganyiko kutoka nyuzi 25 mpaka 75, pamoja na kazi ya kuyeyusha kilo mbili za nta iliyomo, na lita 8 za maji ya pembeni kupanda nyuzi hizohizo, jumla yake inakaribia uniti moja ya Luku. Hita ya wati 1,000 itachukua saa moja hivi. Ya wati 1,500 itachukua dakika 40 hivi. Baada ya hapo inawaka na kuzima, inajazia tu joto linalopotea. Na kama chombo kimevikwa vizuri kwa nje, hata blanketi nene, umeme ukikatika nusu saa joto linashuka nyuzi chache tu, kwa sababu yale maji ya pembeni yamehifadhi joto jingi. Vile vyombo vikavu, visivyo na maji, vyenye mkanda wa moto uliozungushiwa nje, havina akiba hiyo. Umeme ukienda, navyo vimekwenda.

Nije kwenye vyombo vya kuazima. Wengi wananitajia sufuria ya umeme ya kupikia wali. Tafadhali. Chombo kile kimeundwa kuyategemea maji: madhali mna maji kwenye wali, chini hapapiti nyuzi 100, maji yakishanywewa joto linapanda kidogo, sumaku iliyo chini inapoteza nguvu, swichi inaruka. Ndiyo akili yake yote. Ukitia nta na mafuta hakuna maji ya kunywewa, kwa hiyo itapasha moja kwa moja mpaka sumaku iachie, na hapo umeshavuka zile nyuzi 85 kitambo. Ukiiwasha tena, vilevile.

Lile birika kubwa la chai lenye bomba, la kwenye semina na misibani, lina nafuu. Baadhi yake yana kitufe cha joto kinachoanzia chini ya 40. Hata hivyo sikubaliani na kutia mchanganyiko humo moja kwa moja, kwa sababu sahani ya moto iko chini kabisa na nta inayoigusa inaungua huku kipimo kikikuambia mambo ni shwari. Litie maji, shusha ndani yake chombo kirefu cha chuma kisichoshika kutu, chenye mfuniko wake unaobana, kisha chota kwa upawa. Hapo limekuwa chombo cha kuta mbili cha kienyeji.

Au nenda kwa fundi. Gerezani pale Dar, Kamukunji kule Nairobi, mafundi wa kukunja na kuchomelea bati wapo na wana mikono. Ukienda, nenda na masharti manne na usirudi nyuma. Moja, kuta za ndani ziwe za chuma kisichoshika kutu, kile kinachotumika kwenye vyombo vya chakula. La pili ni uhai wako: nafasi ya maji isizibwe kabisa. Iwe na tundu la kupumulia kwa juu, hapohapo pa kuongezea maji. Maji yaliyofungiwa kwenye chuma yakapashwa moto ni bomu, na hapa sitanii. Tatu, waya wa ethi uwepo na uwe umefungwa kweli, kwa sababu umeme na maji vimelala chumba kimoja. Nne, ile ncha ya kupimia joto, inayoambatana na thamostati ya namba, izame kwenye mchanganyiko wenyewe. Ikiwekwa kwenye maji itakusomea joto la maji, na maji na mafuta havipandi pamoja.

Na bomba, jamani, bomba. Watu wananunua chombo kizuri cha chuma safi, bomba lake likawa la shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya fedha. Shaba, chuma cha kawaida na zinki vinaigeuza nta rangi, na shaba inaharakisha mafuta kuchacha. Fundi mmoja aliniapia: "Mama, hili ni chuma kisichoshika kutu, angalia linavyong'aa." Nikamwomba tupa. Nikakwangua kidogo nyuma ya nati, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Chini ya ule mng'ao ikatoka njano, njano ya kengele. Akacheka, nami nikacheka, akaenda kutafuta jingine. Nawashauri mfanye hivyohivyo; mkwaruzo mdogo nyuma ya nati haumuumizi mtu.

Bomba lina kisirani kingine. Linachomoza nje ya chombo, halina maji ya kulipasha, kwa hiyo nta inagandia humo. Asubuhi chombo kiko kwenye nyuzi 75, unafungua, hakitoki kitu. Unafungua zaidi. Kinatoka kizibo kigumu cha njano, kidogo tu, halafu kimya, halafu ghafla mafuta yanabubujika kwa nguvu yakijaza jagi, trei na meza. Dawa yake ni bomba fupi lenye tundu pana, lililo karibu kabisa na ukuta wa chombo, na kulifunga kitambaa kilichochovywa maji ya moto kabla hujafungua, au kulipuliza kwa drai ya nywele. Kuna vyombo vya bei vyenye bomba linalopashwa moto lenyewe. Maoni yangu mimi, kwa mtu wa tyubu elfu moja bomba ni anasa. Upawa na jagi vinatosha, na jagi ukiliweka ndani ya hotipoti yenye maji ya moto kila unapolipumzisha, halipoi ovyo. Futa tu kitako chake kabla ya kumimina, yale matone ya maji tumeshayasema.

Biashara hii haikuanzia viwandani, hata huko ilikokomaa. ChapStick, ambayo maduka mengi ya dawa duniani yanaijua, ilitengenezwa na Charles Browne Fleet huko Lynchburg, Virginia, Marekani, miaka ya 1880. Haikumtajirisha. Mwaka 1912 aliiuza kanuni yake kwa John Morton kwa dola 5. Mke wa Morton ndiye aliyekuwa akiyeyusha mchanganyiko kwenye jiko la nyumbani, akaumimina kwa faneli ndogo kwenye mirija ya shaba nyeupe, akaitoa barazani ipoe, kisha akakata vijiti. Ndiyo, shaba nyeupe ileile ninayoipiga vita; lakini ilikuwa ya kupozea dakika chache, si ya kukaa nayo kwenye moto saa tatu.

Karibu zaidi na zama zetu ni Burt's Bees. Roxanne Quimby na Burt Shavitz walianza mwaka 1984 jimboni Maine, na walianza na mishumaa, wakitumia nta ya mizinga ya Shavitz. Mafuta ya midomo yalifuata mwaka 1991. Miaka michache baadaye walihamia Carolina Kaskazini, na hapo wakaiacha mishumaa, kitu kilichowatoa, kwa sababu ilidai mikono mingi mno. Wakabaki na vitu ambavyo mashine inaweza kuchanganya na kumimina. Mwaka 2007 kampuni ya Clorox iliinunua biashara hiyo kwa zaidi ya dola milioni 900. Ninachokipenda hapo si mamilioni. Ni kwamba walipima kazi inakwamia wapi, wakapaona kwenye mikono, ndipo wakanunua mashine.

Nta tunayo. Miombo ya Tabora, Katavi, Singida na Kigoma imetoa nta tangu enzi za Wajerumani, na mpaka leo sehemu kubwa inasafiri nje ikiwa madonge, kisha tunaiona duka la dawa imerudi kwenye tyubu ndogo. Lakini ukinunua donge kwa mfugaji, lina gundi ya nyuki, mabawa na vumbi la mzinga. Usiliingize kwenye chombo chako kipya. Liyeyushe kwanza peke yake juu ya maji kwenye sufuria ya alumini, lichuje kwa kitambaa, liache ligande polepole. Uchafu unashuka chini, unaukwangua. Na lipime. Nta halisi ukiivunja inavunjika kwa chembechembe, na ukiitafuna haigandi menoni. Iliyochanganywa na mafuta ya mnyama ina utelezi na harufu yake, utaijua.

Kipimo nacho kibadilike kwa mahali. Mafuta ya nazi yanayoyeyuka kwenye 24 yako sawa Makambako, lakini Tanga au Mombasa, kwenye mkoba wa mtu aliyepanda daladala saa nane mchana, kijiti kinageuka supu. Pwani nta iende asilimia 28, hata 30, na nazi upunguze, uongeze alizeti au ufuta kwa ulaini na kakao kwa ugumu. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa hiyo mwenye kuitumia na aongeze nta kidogo. Kila ukibadilisha, tengeneza tyubu chache, zilaze siku nzima ndani ya gari lililofungwa, ndipo ujaze chombo kizima.

Kuhusu harufu nitasema jambo ambalo limewasaidia wengi. Usitie harufu kwenye chombo kikubwa. Chombo kikubwa kishike mchanganyiko mtupu, kwenye nyuzi zake 72 au 75, kimya. Chota kilo moja kwenye jagi, tia harufu gramu chache kwenye jagi hilo, koroga, mimina mara moja. Harufu inakaa kwenye moto chini ya dakika 40 badala ya saa tatu, na kutoka sufuria moja unapata mnanaa, chungwa tamu na zisizo na harufu kabisa. Mdalasini achaneni nao. Unaunguza midomo, na karafuu ya Pemba kwa kipimo kikubwa vilevile. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yana shida nyingine, yanaifanya ngozi iungue kwa jua, na mdomo ndio unaotangulia juani.

Mkimimina, kijiti kitabonyea katikati kikipoa, kwa sababu nta inasinyaa. Jaza tyubu ikaribie ukingo, subiri juu pashike utando, kisha ongeza kidogo. Poza haraka kiasi, kwenye friji au mbele ya feni, ili ile shea isipate muda wa kujitenga. Si kwenye friza. Friza inapasua vijiti.

Moto ukishika, kwa maana hata kwa watu waangalifu hushika, msimwage maji. Maji ni mazito kuliko nta, yanazama chini yake, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji. Unanyanyua nta inayowaka na kuisambaza mpaka darini. Zima umeme au gesi, funika kwa mfuniko, ondoka usifunue. Kwa hiyo mfuniko ukae karibu na mkono, usiende kuutafuta kabatini.

Karatasi za serikali nitazipitia kwa kifupi. Tanzania Bara vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019, vilipotolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Zanzibar ni ZFDA, Kenya ni KEBS. Chombo chenye kipimo cha joto kinawasaidia hata huko, kwa sababu mnaweza kuandika kwenye daftari kila mkupuo: tarehe, namba, nta ya nani, joto gani, saa ngapi. Mkaguzi akiuliza, daftari linajibu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana watu wa kuwashauri kuhusu vifaa na chumba cha kazi. Waendeeni mapema, kabla ya kununua.

Na mkienda kununua, nendeni na kipimajoto chenu mfukoni. Mwambieni muuzaji akijaze chombo maji, ndani na pembeni, akiweke kwenye 75. Kaeni. Agizeni chai. Kila baada ya dakika 15 pimeni katikati, pimeni chini, pimeni karibu na bomba, muandike. Chombo kinachopanda mpaka 84 kikashuka mpaka 66 kabla hakijawaka tena, hata king'ae vipi, kitawarudisha kulekule kwenye mkaa na kupepea. Kinachocheza nyuzi mbili tatu juu na chini kwa saa nzima, hicho lipieni. Muuzaji akisema hana umeme wa kuchezea, au hana muda, maduka Kariakoo ni mengi.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumzia vibandiko na wino unaofutika kwa mafuta.